Mela za Gujarat: fuata mwezi, tarehe itakupoteza

Mtu akikuambia mela ya Tarnetar, kijiji cha Gujarat magharibi mwa India, ni mwisho wa Agosti, hajakudanganya, lakini hajakusaidia pia. Mwaka 2025 iliangukia wiki ya mwisho ya Agosti. Mwaka 2026 siku hizohizo za mwezi zinaangukia katikati ya Septemba. Aliyekata tiketi ya treni kwa tarehe ya mwaka uliopita atakuta hekalu, mbuzi wawili watatu na mafundi wanaoanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Mela ni ibada na gulio kwa pamoja. Katikati kuna hekalu, bwawa takatifu au makutano ya mito. Pembezoni kuna wauza bangili, bembea, wanyama, vyungu na jalebi. Gujarat ina mela nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza, na kila moja ina kazi yake: hii ya kuuza punda, ile ya kutafuta mchumba, nyingine ya kulilia wafu. Ukishajua kazi yake na siku yake ya mwezi, utajua hata saa ya kufika.

Kalenda kwanza

Mwaka wa Kigujarati una miezi kumi na miwili inayofuata mwezi wa angani: Kartik, Magshar, Posh, Maha, Fagan, Chaitra, Vaishakh, Jeth, Ashadh, Shravan, Bhadarvo na Aso. Kila mwezi una nusu mbili. Nusu ya kwanza, mwezi unapokua, ni *sud*. Nusu ya pili, unapopungua, ni *vad*. Sud inaishia kwenye mwezi mpevu, *punam*, na vad inaishia kwenye giza, *amas*. Kwa hiyo mtu akikutajia "Bhadarva sud pancham" amekupa anwani kamili: mwezi wa Bhadarvo, nusu inayokua, siku ya tano.

Siku hiyo huitwa *tithi*, na haina saa 24. Tithi moja ni muda ambao mwezi unalitangulia jua kwa nyuzi 12 angani. Kwa kuwa mwezi hauendi kwa kasi moja, muda huo unaweza kuwa saa 19 na unaweza kufika 26. Kawaida tithi iliyopo jua linapochomoza ndiyo inayoipa siku jina. Tithi ndefu inaweza kushika macheo mawili, na fupi inaweza kupita katikati bila kushika hata moja. Ndiyo maana ukutani unaona sud 6 mbili mfululizo, au 9 ikafuatwa na 11. Si kosa la mchapishaji.

Sikukuu nyingine hazijali macheo. Usiku mkuu wa mungu Shiva, Mahashivratri, hutafuta tithi ya 14 ya vad iliyopo usiku wa manane. Kuzaliwa kwa mungu Krishna pia hutazamwa usiku wa manane. Moto wa Holi hutafuta mwezi mpevu uliopo jua linapotua. Ubishi wa kila mwaka kuhusu sikukuu kuwa leo au kesho hutoka hapa, na mara nyingi pande zote mbili zina hoja.

Mtego wa pili ni mpaka wa mwezi. Huko kaskazini mwa India, Uttar Pradesh au Rajasthan, mwezi huisha kwenye mwezi mpevu. Gujarat huisha kwenye giza. Nusu inayokua ina jina moja pande zote. Nusu inayopungua inatofautiana kwa mwezi mzima: siku ya kuzaliwa Krishna ni Shravan vad 8 mjini Rajkot, ila ni siku ya nane ya giza ya Bhadrapad mjini Mathura, na ni usiku uleule. Sikukuu haihami, jina tu ndilo linalohama. Kinachohama kweli ni mfungo wa Shravan, ambao Gujarat huanza kama siku 15 baada ya kaskazini. Ukisoma tovuti ya Delhi kujua Jumatatu za Shravan kwenye hekalu la Somnath, mbili za kwanza zitakuwa si zenyewe.

Mtego wa tatu ni mwezi wa nyongeza. Miezi kumi na miwili ya angani ina siku kama 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Pengo likijaa, kila baada ya takriban miezi 32 au 33, mwezi mmoja hurudiwa. Mwaka 2023 ulirudiwa Shravan. Mwaka 2026 unarudiwa Jeth, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni, na kila kinachofuata kinasogea mbele: Diwali iliyokuwa 20 Oktoba 2025 inakuwa 8 Novemba 2026. Hilo ndilo linalompoteza yule wa Tarnetar.

Mwaka mpya wa Kigujarati ni Kartik sud 1, asubuhi baada ya Diwali, isipokuwa pale amas inapojivuta. Mwaka 2025 Diwali ilikuwa tarehe 20, mwaka wa 2082 wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu, ukaanza tarehe 22, na tarehe 21 ikabaki siku isiyo ya mwaka wa zamani wala mpya. Wenyewe huiita *dhoko*. Maduka mengi hayafungui hesabu mpya siku hiyo, na ukipanga safari ya kibiashara utakaa bure.

Siku ambayo jiko haliwashwi

Saurashtra, ile rasi ya magharibi yenye Rajkot, Junagadh na Jamnagar, sikukuu kubwa ya mwaka ni Satam-Atham, yaani siku ya 7 na ya 8 ya Shravan vad. Diwali yenyewe inasubiri. Mpangilio huanza mapema: vad 4 ni Bol Choth, siku ya kuheshimu ng'ombe na ndama, vad 5 ni Nag Pancham, siku ya nyoka, vad 6 ni Randhan Chhath, siku ya kupika, vad 7 ni Shitala Satam, siku ya kula baridi, vad 8 ni Krishna.

Shitala ni mungu wa kike anayehusishwa na ndui na magonjwa ya upele. Siku yake jiko linapumzishwa. Usiku wa kuamkia huzimwa, husafishwa, hupakwa manjano na unga mwekundu, na hata chai haipashwi. Kila kitakacholiwa lazima kiwe kimepikwa siku iliyotangulia, katikati ya masika yao, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Chakula kikuu ni thepla, chapati nyembamba ya unga wa ngano wenye majani ya uwatu, manjano na pilipili. Unga wa kuliwa kesho hukandwa kwa mtindi na mafuta, maji kidogo kadiri iwezekanavyo, kwa sababu maji ndiyo yanayoleta ukungu. Kosa la kawaida ni kuzipanga moja juu ya nyingine zikiwa za moto na kufunika. Mvuke unarudi, za katikati zinalowa, na kufikia mchana zimeanza kunata. Zitandazwe kwenye kitambaa kikavu hadi zipoe kabisa ndipo zipangwe. Viazi vya kukaanga vikavu hufaa, mchuzi wa nyanya haufai. Puri za kukaanga zikauke hadi zivunjike zikikunjwa. Zikiwa laini ni dalili kwamba mafuta hayakuwa ya moto wa kutosha. Mtindi hugandishwa jioni ya chhath, na huo ndio unaoteremsha kila kitu.

Baada ya chakula hicho familia nzima inakwenda kwenye mela, na ya Rajkot ndiyo inayotajwa kwanza. Ni mela ya mjini: bembea kubwa, pikipiki za kuzunguka ukutani, mahindi ya kuchoma. Moto wa Mei 2024 kwenye ukumbi wa michezo ya kuburudisha wa mji huo uliua watu wasiopungua 27, na tangu hapo vibali vya mitambo ya kuchezea vinatolewa kwa masharti makali. Usishangae ukikuta bembea zimesimama bila kuzunguka, zikingoja mkaguzi. Mvua nayo hufunga uwanja bila kumuuliza mtu.

Tarnetar na miavuli yake

Tarnetar ni kijiji cha wilaya ya Surendranagar, karibu na mji wa Thangadh wenye viwanda vya vyombo vya kauri. Hekalu lake ni la Shiva mwenye macho matatu, Trineteshwar, na jengo la sasa ni la kujengwa upya. Mbele yake kuna bwawa lenye ngazi. Watu wa huko husema ndipo Arjuna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, alipolenga jicho la samaki akitazama kivuli chake majini ili amuoe binti mfalme Draupadi. Ukishajua hivyo, kazi ya mela hii inaeleweka: ni mahali pa kupata mchumba.

Mela hushika Bhadarva sud 4, 5 na 6, na wengi huanza kumiminika tangu siku ya 3. Kilele cha ibada ni sud 5, Rishi Pancham, ambapo kuoga bwawani huhesabiwa sawa na kuoga mto Ganga. Siku hiyo wanawake wengi hufunga, na wakila hula samo, nafaka ndogo kama mawele, kwa sababu kilicholimwa kwa jembe la ng'ombe hakiruhusiwi. Hekaluni hupandishwa bendera mpya ndefu. Anayetaka kuoga afike kabla ya macheo. Saa tatu asubuhi ngazi zimejaa na jiwe lina utelezi wa mwani.

Miavuli ndiyo inayopigwa picha. Ni mikubwa, ya kitambaa cha pamba kilichotariziwa chote, vioo vidogo vya duara vikiwa vimeshikwa kwa mshono pembeni mwake, shanga, mikunjo ya rangi, na leso zikining'inia ukingoni. Vijana wa jamii za wafugaji na wakulima, Bharwad, Rabari na Koli, walikuja nayo kutangaza kwamba hawajaoa, na kutarizi mmoja huweza kuchukua mwaka au zaidi. Ukitaka kujua kama ni kazi ya mkono, ugeuze utazame ndani. Mshono wa mkono una mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine. Wa mashine ni msafi pande zote. Kioo nacho ukiguse: kinachonata kwa gundi kitadondoka mvua ya kwanza.

Kusema kweli, siku hizi miavuli mingi iko pale kwa ajili ya kamera. Kilicho hai bado ni ngoma. Hudo ya Bharwad huchezwa kwa mistari miwili, wanaume na wanawake wakielekeana na kupigana viganja kwa nguvu kufuata ngoma kubwa. Hakuna jukwaa. Duara huanza popote mpiga ngoma alipo, na kwa kawaida alasiri joto likishuka. Kaa nje ya duara mpaka ujue linaelekea wapi, kwa sababu likishika kasi halimsubiri mtu. Serikali ya jimbo huandaa pia michezo ya kijijini, mbio na mieleka, ambayo ni mizuri kwa wanaopenda ratiba.

Vaa viatu vya kufungwa kamba. Ni mwisho wa mvua, na kandambili hubaki kwenye matope mguu ukiendelea na safari.

Usiku tisa, na samli barabarani

Navratri, usiku tisa wa mungu wa kike, Aso sud 1 hadi 9, haihitaji maelezo mengi, maana kila mtu amewahi kuona garba, ngoma yake ya duara, mahali fulani. Tangu Desemba 2023 garba ipo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Linaloshikilia yote ni chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani, kinachowekwa katikati, na duara linazunguka kinyume cha saa. Mgeni aanze na *be tali*, makofi mawili, kabla ya *tran tali* ya matatu, na abaki duara la nje. Wanaoumiza magoti ni wanaoingia duara la ndani usiku wa kwanza kwa sababu linaonekana tupu. Liko tupu kwa sababu lina kasi. Vipaza sauti kisheria huzimwa saa nne usiku, ila jimbo linaweza kuruhusu hadi saa sita kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka, na Gujarat huzitumia nyingi kwenye Navratri. Garba za mtaani ni bora kuliko za viwanja vya tiketi. Huo ni msimamo wangu na sitaubadilisha.

Usiku wa sud 9 nenda Rupal, kijiji cha wilaya ya Gandhinagar. Kuna gari la mbao lenye mienge mitano, *palli* ya mungu wa kike Vardayini, linalobebwa mitaani kupita njia panda 27 za kijiji huku watu wakilimwagia samli safi. Samli inakuja kwa ndoo na mapipa, wengine kwa nadhiri ya mtoto aliyezaliwa. Kila jamii ina sehemu yake: seremala anaunda, mfinyanzi analeta vyungu vya moto, Waislamu wanaochambua pamba wanaweka pamba ya mienge. Palli hutoka baada ya usiku wa manane. Inapopita, samli inatiririka chini hadi kwenye vifundo vya miguu. Nguo utakayovaa iwe ile usiyoihitaji tena, na simu uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Usisimame kwenye mteremko. Wanaoanguka Rupal huangukia hapo, wote kwa pamoja.

Baada ya Diwali: kutembea na kununua punda

Kartik sud 11 hadi punam ni siku tano zenye mambo mengi mno. Utachagua moja.

Ya kwanza ni Lili Parikrama, kuzunguka mlima Girnar ulio juu ya Junagadh, kilomita 36 ndani ya hifadhi ya wanyama yenye simba na chui. Mlima unabaki mkono wa kulia, kama kawaida ya kuzunguka hekalu. Kutoka Bhavnath hadi Jina Bava ni Madhi ni kilomita 12, kisha 8 hadi Malvela, 8 hadi Bordevi, na 8 za kurudi Bhavnath. Njia ina mipando mitatu mikali, kila mmoja ukiitwa *ghodi*. Kilomita si nyingi, lakini mawe yamelegea na umati hauachi nafasi ya kuchagua pa kukanyaga. Wazee wengi huigawa kwa siku tatu au nne, wakilala kwenye vituo hivyo vitatu, na ndivyo ilivyokusudiwa. Vijana wanaoimaliza kwa siku moja hawaoni kitu zaidi ya visigino vya aliye mbele.

Ufunguzi rasmi ni usiku wa manane wa sud 11. Kila mwaka kuna wanaoingia mapema kukwepa umati, nao huteseka: majiko ya bure yanayolisha mahujaji hayajawashwa, matangi ya maji hayajajazwa, na walinzi wa msitu hawajakaa vituoni. Usiku usitoke peke yako nje ya mwanga wa kambi hata kwa haja ndogo. Plastiki na moto haviruhusiwi hifadhini, kwa hiyo beba chupa ya chuma, kandili ya betri, blanketi moja (Novemba msituni usiku ni baridi), thepla kavu na sukari guru. Mvua zisizo za msimu zikinyesha wiki iliyotangulia, njia hugeuka tope na mamlaka zinaweza kuifunga yote. Mwaka 2020 ilifungwa kwa ajili ya korona. Uliza Junagadh kabla ya kuondoka nyumbani.

Ya pili ni Vautha, kusini mwa Ahmedabad katika eneo la Dholka. Sabarmati inakutana hapo na Vatrak, na kwa kuwa hiyo miwili imekwisha kupokea mingine, panahesabiwa makutano ya mito saba: Sabarmati, Vatrak, Meshwo, Hathmati, Shedhi, Majham na Khari. Kuoga ni alfajiri ya punam. Kilichoifanya ijulikane hasa ni punda.

Wanaletwa kwa maelfu na wafanyabiashara wa Vanjara, wakiwa wamepakwa rangi ya waridi na zambarau mgongoni na shingoni ili kila mwenye mali awatambue wake. Wanunuzi ni wafinyanzi, wenye matanuri ya matofali na wachukuzi wa mchanga. Malori madogo yamepunguza biashara, lakini kuna njia za matanuri ambazo gari halipiti. Biashara huanza siku kadhaa kabla ya punam. Anayekuja siku ya kuoga atapata wazee na wakorofi.

Mnunuzi mzoefu anaanza na mdomo. Meno ya mbele ya utoto hubadilishwa jozi kwa jozi kati ya takriban miaka miwili na nusu na mitano; akikuta jozi ya pembeni bado ni ya utoto, anajua mnyama bado mdogo kwa mzigo mzito. Kisha anapitisha kiganja mgongoni dhidi ya manyoya. Rangi inapendeza macho, lakini pia inaficha kovu la tandiko, na kovu linasikika kwenye kiganja kama ngozi ngumu isiyo na nywele. Halafu anamtembeza kwenye ardhi ngumu, si kwenye mchanga wa mto, kwa sababu mchangani hata kilema huenda vizuri. Kwato ndefu zilizopinda mbele ni dalili kwamba amekaa muda mrefu bila kukatwa, na huenda mfupa umeshazoea kupinda. Bei hupatanwa kwa vidole chini ya kitambaa au kwa sauti ya chini. Ukisimama karibu ukisikiliza utaombwa usogee.

Ya tatu ni Shamlaji, mpakani na Rajasthan, ya Vishnu. Jamii za Bhil hushuka kutoka vilimani kuoga kwenye mto Meshwo. Inadumu zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo ndiyo pekee unayoweza kuchelewa bila kuikosa.

Ile isiyohama

Uttarayan hufuata jua, si mwezi, na ndiyo maana kila mwaka ni 14 Januari, na kesho yake ni Vasi Uttarayan, siku ya kiporo. Gujarat yote hupanda juu ya paa kurusha tiara. Tiara za Khambhat zina jina, uzi wa Surat pia. Uzi wa kukatana hupakwa wanga wa mchele uliochanganywa na unga wa kioo na rangi, ukiwa umetandazwa kati ya nguzo kando ya barabara, na lazima ukauke kabla ya kuzungushwa kwenye kibiringo. Ukizungushwa mbichi hushikana na kukatika wenyewe.

Tiara mpya haina kamba ya kushikia. Toboa matundu mawili pale kijiti cha wima kinapokutana na upinde, na mawili chini, vidole vichache kutoka mkiani. Pitisha uzi, funga, kisha vuta uone urefu wa pande mbili. Uzi wa chini uzidi wa juu kwa upana wa kidole. Wa juu ukiwa mrefu zaidi, tiara itazunguka kama pia na kugoma kupanda. Ikilalia kulia kila wakati, funga kipande cha uzi au kitambaa kwenye ncha ya kushoto ya upinde.

Uzi wa nailoni wenye kioo umepigwa marufuku nchini kote tangu 2017 kwa amri ya mahakama ya mazingira, kwa sababu haukatiki: unachinja ndege na shingo za waendesha pikipiki. Siku hizo mbili pikipiki nyingi hufungwa waya wa upinde mbele ya usukani. Usipande pikipiki isiyo nao. Ndege huruka zaidi asubuhi na jioni, basi rusha kati ya saa tatu na saa kumi na moja, kisha shuka ukale undhiyu, mchanganyiko wa mboga, na chikki, kashata ya ufuta.

Shiva usiku wa manane, na kilio cha Gunbhakhari

Mela ya Bhavnath huanza Maha vad 9 kwa kupandishwa bendera na huishia usiku wa vad 14, Mahashivratri, chini ya Girnar palepale. Watawa wa Naga waliojipaka majivu huandamana usiku kuelekea Mrigi Kund, wakicheza mapanga na fimbo, huoga karibu na usiku wa manane, kisha hekalu la Bhavnath hufanyiwa ibada. Bwawa usiku huo ni la watawa. Wewe ni mtazamaji. Kosa ni kufika saa tatu usiku ukitegemea kupenya. Nafasi za nyuma ya vizuizi hushikwa tangu alasiri, na barabara ya kutoka Junagadh hufungwa kwa magari, kwa hiyo hesabu kilomita kadhaa za miguu. Anayetaka kuzungumza na watawa aende siku mbili za mwanzo, wakiwa wamekaa na moto wao na wana muda.

Wiki mbili baada ya Holi, kwenye amas ya Fagan, kuna mela ya Chitra-Vichitra huko Gunbhakhari, wilaya ya Sabarkantha, ambapo Sabarmati inakutana na Akul na Vyakul. Jamii za Garasia na Bhil huleta hapo msiba wa mwaka mzima. Usiku wa kuamkia, familia zilizofiwa huketi mtoni na wanawake huwalilia wafu wao kwa majina, na mabaki ya marehemu hutiwa majini. Kukipambazuka, ngoma kubwa huanza, nguo mpya hutoka mifukoni, na gulio linafunguliwa hapohapo. Kifaa cha kupiga picha kibaki begani mpaka ngoma zianze, na hata hapo omba ruhusa kwanza. Jeep za kushirikiana za kurudi Poshina na Khedbrahma hujaa kuanzia mchana. Ukisubiri jioni utakaa juu ya kapu la mtu.